Roboti ya kwanza kiwandani kwako: mwongozo kwa wenye karakana na viwanda vidogo Tanga

Maswali ni yale yale, roboti shilingi ngapi, inatumia umeme gani, nitapunguza watu wangapi, na hii chumvi ya baharini haitaila kweli? Anayeuliza mara nyingi ana karakana Gofu au Kange, au kakiwanda huko Pongwe, watu kumi na tano mpaka hamsini hivi, kaona video ya mkono wa roboti unachomelea mageti huko China basi usiku hakulala. Naandika yote hapa, akija mwingine namtumia.

Naongelea ule mkono wa viungo sita, unaoshika, unaopanga, unaochomelea. Siongelei mashine ya kujaza chupa wala ya kufunga mifuko. Na kusema kweli wengi wanaoulizia roboti wanachohitaji ni konveya fupi na meza ya maana, tena wangeokoa hela nyingi, ila muuzaji wa roboti hawezi kukwambia hilo.

Kabla hujaongea na muuzaji yeyote, kuwa na hivi

- Kazi moja. Sio "tunataka kuingia kwenye mambo ya roboti", hapana, kazi moja yenye mwanzo na mwisho, mfano kuchomelea fremu ya dawati au kupanga maboksi ya sabuni kwenye paleti.
- Daftari la hiyo kazi la wiki mbili au zaidi: vipande vingapi kwa siku, vingapi vimerudiwa, na watu wamesimama muda gani wanasubiri malighafi. Huna? Anza kesho asubuhi.
- Fundi umeme aliyepima umeme wako kwa mita, asubuhi, mchana na usiku. Kuangalia taa kama zinawaka sio kupima.
- Mwajiriwa wako mmoja ambaye ndo atakuwa mwenye hiyo mashine. Jina lake lijulikane kabla ya invoisi.
- Usajili wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini) wa sehemu yako ya kazi. Kama hujasajili, shida yako sio roboti.
- Hela ya kuvumilia miezi ya mwanzo ambayo mashine ipo na uzalishaji umeshuka, maana utashuka.

Hatua

1. Chagua kazi ya kuchosha, inayojirudia, isiyobadilika kila siku.

Kama leo unatengeneza geti la maua, kesho kitanda, keshokutwa bodi ya toroli, kila kimoja kipande kimoja kimoja, achana na roboti kabisa, fundi wako mwenye grenda na jicho atakushinda mbali. Roboti inapenda fremu mia tano zinazofanana, au boksi lile lile kutwa nzima. Kazi inayoumiza watu mgongo ni ya kuangalia kwanza, ile ambayo kila baada ya miezi miwili kibarua anaacha na wewe unaanza kufundisha mwingine.

2. Piga hesabu, na usianzie kwenye mishahara.

Hapa ndo wengi wanapotea kwahiyo nitakaa kidogo. Mahesabu unayoyaona kwenye matangazo ya Ulaya na Marekani yanasema roboti inajilipa ndani ya mwaka au miwili kwa sababu inachukua nafasi ya mtu. Mtu wa kule analipwa kwa saa moja hela ambayo huku kibarua anaisaka siku kadhaa, hesabu hiyo haihami ikaja Tanga.

Chukua mfano, namba ni za mfano tu weka za kwako. Mkono mpya wa koboti, yaani roboti ndogo ya kufanya kazi karibu na watu, wa kampuni kubwa mara nyingi unacheza kati ya dola 25,000 na 50,000, na hapo ni mkono mtupu. Ukiongeza mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya na gesi), meza, jigi (kishikio kinachobana kipande pale pale kila mara), uzio, usafiri, mtu wa kuja kufunga na kufundisha, tuseme mpaka inawaka umetumia dola 60,000. Kwa dola moja sh 2,500 hiyo ni sh milioni 150. Umepunguza wachomeleaji wawili wa sh laki tano kwa mwezi, umeokoa sh milioni 12 kwa mwaka. Miaka kumi na mbili na nusu! Mashine itakuwa imezeeka na wewe umezeeka.

Sasa geuza. Daftari linaonyesha kwa siku unatoa fremu 40, na kwa roboti ungetoa 70. Fremu 30 za ziada kwa siku 25 kwa miezi 12 ni fremu 9,000. Faida ya fremu moja ikiwa sh 8,000 hapo una sh milioni 72 kwa mwaka, toa sh milioni 10 za spea na matengenezo zinabaki 62, mashine inajilipa kwenye miaka miwili na nusu. Hiyo ndo hesabu. Ila swali linalokuja ni gumu kuliko la roboti: hizo fremu 30 za ziada nani ananunua? Oda za madawati zinakuja kwa mawimbi, shule zikikaribia kufunguliwa simu inaita kutwa, halafu kimya. Kama huna oda mkononi au mnunuzi wa uhakika utakuwa na roboti inayojaza stoo.

Kuna faida zingine za kuweka kwenye hesabu: vipande vinavyorudishwa, mteja mkubwa aliyekukataa kwa sababu ubora unapanda na kushuka, matibabu na siku za watu walioumia. Kama ukiziweka zote na bado inapita miaka minne, mimi naona subiri.

3. Nyoosha kazi kabla roboti haijaja.

Hii ndo hatua ninayoipigia kelele kuliko zote. Roboti ya kawaida haioni. Inaenda pale ulipoifundisha, ndani ya sehemu ndogo ya milimita moja, kila mara, iwe kitu kipo au hakipo.

Angalia karakana ya kawaida inavyokata skwea paipu. Kijana ana grenda, kaweka alama kwa chaki, mstari wa chaki wenyewe una unene wa milimita mbili, akikata upande huu wa mstari au ule ashapoteza mbili, diski ikiisha inapinda kidogo, na ncha zinabaki na mabaki makali. Fundi wa kuchomelea akikuta mwanya wa milimita tatu anajua la kufanya, anapunguza moto, anajaza taratibu, anapiga grenda, huoni kitu. Roboti inafika pale pale, inawasha, na waya unapita kwenye mwanya unachomelea hewa, upande wa pili unatoboa bomba. Bosi anasema roboti mbovu. Fundi anamwambia, "Bosi, roboti imeenda sawa, bomba ndo fupi."

Kwahiyo kabla ya chochote:

- Nunua msumeno wa kukatia wenye kizuizi cha urefu, vipande vyote vitoke sawa. Lenga tofauti isiyozidi nusu milimita kwa kazi ya kuchomelea.
- Tengeneza jigi ya chuma kizito yenye klampu, kipande kikae sehemu moja tu, kisiweze kuwekwa kinyume.
- Wape mafundi wako hiyo jigi waitumie kwa mkono mwezi mzima.

Unakuta wengine wakifika hapo uzalishaji umeshapanda sana na hawana tena haraka ya roboti. Sio vibaya, umeokoa hela. Kwa maboksi ni hivyo hivyo: boksi laini lililobonyea, gundi haijashika, uzito unabadilika, roboti italidondosha. Badilisha boksi kwanza.

4. Chagua mkono kwa uzito na urefu, sio kwa sura.

Uzito ulioandikwa kwenye roboti unajumlisha na gripa (kile kiganja cha kushikia kitu). Boksi la sabuni la kilo 10, gripa ya kufyonza kilo 2 na nusu, tayari 12.5, na mfano UR10e ya Universal Robots mwisho wake ndo 12.5, huna hata pumzi ya kubaki. Urefu nao: mkono huo unafika mita 1.3, paleti ya mita moja kwa mita moja na ishirini ukitaka kupanga mpaka kichwani mwa mtu kona za mbali hazifikiki, utahitaji nguzo ya kuunyanyua au mkono mrefu zaidi. Chora chini kwa chaki, ukubwa halisi, pale pale kiwandani, usiishie kwenye karatasi.

Mifuko ya kilo 25 na 50, unga, chokaa, chakula cha kuku, hiyo sio kazi ya koboti ndogo. Hapo ni roboti kubwa ya uzio na bei yake ni nyingine.

Kasi pia. Koboti ya kupanga maboksi usitegemee izidi boksi sita mpaka nane hivi kwa dakika. Vijana wawili wenye nguvu saa mbili asubuhi wanaipita, saa tisa mchana ndo inawapita wao.

5. Mpya au mtumba?

Roboti za mtumba za FANUC, ABB, KUKA na Yaskawa zipo nyingi, zimetoka viwanda vya magari, na mkono wenyewe ukitunzwa unadumu miaka mingi. Mimi siogopi mtumba, naogopa mtumba usio na vifaa vyake. Dai hivi kabla ya kulipa: kabati lake lenyewe (lile lenye umeme na kompyuta ya kuiendesha), pendanti yake (ile rimoti kubwa ya kufundishia), nyaya zote, nakala ya programu, na video ya siku hiyo inayoonyesha viungo vyote sita vinazunguka. Uliza betri za enkoda (vipimo vya ndani ya viungo) zilibadilishwa lini. Roboti nyingi za viwandani zina betri zinazokumbuka viungo viko wapi, zikifa ikiwa njiani kwenye meli utapokea chuma kisichojijua na itabidi mtaalamu aje aipange upya.

Kwa roboti ya kwanza kabisa, na kama huna fundi mzoefu, koboti mpya ni rahisi kufundisha. Ila swali kubwa ni muuzaji: nani atakuja Tanga ikigoma, na baada ya siku ngapi? Iandikwe kwenye mkataba. Sisi wenyewe tunasema waja leo waondoka leo, na wauzaji wa namna hiyo wapo tele, ameshusha, amepiga picha, kapanda basi.

6. Andaa umeme, hewa na chumvi.

Koboti nyingi ndogo zinatumia umeme wa kawaida wa fezi moja, roboti kubwa na mashine za MIG za kazi nzito zinataka fezi tatu. Tatizo letu ni umeme kupanda, kushuka na kukatika. Weka stebilaiza ya ukubwa unaostahili, kilinzi cha radi, na UPS kwa kabati la roboti ili ipate muda wa kujizima vizuri. Ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ipimwe kwa kifaa chake, maana maeneo ya karibu na bahari yenye mchanga na mawe ya matumbawe nondo moja chini inaweza isitoshe. Genereta ikiwaka usiwashe roboti sekunde hiyo hiyo, acha itulie.

Hewa ya kompresa huku ina maji mengi, unyevu ni mwingi mwaka mzima. Weka kikaushio na chujio, tangi limwagwe maji kila asubuhi, na awepo mtu mwenye jina wa kulimwaga. Maji yakifika kwenye vali za gripa utabadilisha vali kila mwezi.

Waya wa MIG ukiachwa wazi usiku unapata kutu, Jumatatu unakwama kwenye laina (mrija wa ndani unaopitisha waya). Utoe, ufunge kwenye mfuko wake. Kama uko karibu na mkonge, zile nyuzi na vumbi vinaziba feni za kabati, safisha kila wiki. Na joto: chini ya mabati mwezi wa pili kabati linapika, mengi yameandikwa mwisho nyuzi 45 au 50, usiliweke ukutani jua linapopiga mchana.

7. Agiza na klia mzigo kwa akili.

Mwambie ajenti wa forodha mapema kitu hasa ni nini. Tangu mfumo wa misimbo ya forodha (HS) ulipobadilishwa 2022, roboti za kunyanyua na kupanga mizigo zina msimbo wao 8428.70, na zile nyingine zisizo na sehemu maalum zinaingia 8479.50. Proforma ikiandikwa "mashine" tu unajitafutia maswali. VAT ya 18% iweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, hata kama umesajiliwa na utaidai baadaye hela inatoka kwanza, na muulize mtu wako wa kodi kuhusu utaratibu wa kuahirisha VAT kwenye mitambo.

8. Ongea na watu wako kabla hawajasikia kijiweni.

Kama kuna watakaopunguzwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka uwape taarifa, uwaeleze sababu na mshauriane, pamoja na chama cha wafanyakazi kama kipo, na kiinua mgongo kina hesabu yake kisheria. Lakini ushauri wangu ni usipunguze mtu mwaka wa kwanza. Mchukue fundi wako bora wa kuchomelea, sio kijana wa kompyuta, mfundishe yeye roboti. Kubonyeza pendanti anajifunza ndani ya wiki chache, kujua mshono mzuri unavyosikika na unavyoonekana kumemchukua miaka. Universal Robots wana masomo ya bure mtandaoni, aanze nayo kabla mzigo haujafika. Na mfundishe wa pili, maana huyu akishajua atatafutwa.

9. Usalama, kabla ya kuwasha.

Koboti inaitwa salama kwa watu, sawa, lakini ikishika bati lenye makali au tochi ya kuchomelea yenye moto hakuna tena usalama hapo. Inayohesabika ni kazi nzima: mkono, gripa, kipande, na mtu anasimama wapi. Viwango vya kufuata ni ISO 10218, na kwa koboti ISO/TS 15066 ambayo mambo yake yameingizwa kwenye ISO 10218 toleo la 2025, muuzaji asiyevijua mwache. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakuhusu hapa kama inavyohusu mashine nyingine yoyote.

- Uzio na mlango wenye swichi, ukifunguliwa roboti inasimama.
- Vitufe vyekundu vya dharura sehemu zaidi ya moja, vijaribiwe kila wiki.
- Wakati wa kufundisha kasi isizidi milimita 250 kwa sekunde. Nyuma ya pendanti kuna swichi ya hatua tatu: ukiishika katikati inatembea, ukiiachia inasimama, na ukiibana kwa hofu pia inasimama. Usikubali mtu aifunge kwa raba bendi eti mkono unachoka. Nimeiona hiyo, tena sehemu ya watu wanaojiita wataalamu.

10. Anza pole pole.

Wiki ya kwanza bila moto, roboti itembee hewani na jigi tupu. Halafu vipande vichache, vikate, angalia mshono ndani. Kasi ongeza kidogo kidogo. Mafundi wa mkono waendelee na kazi yao pembeni mpaka roboti imetoa wiki kadhaa bila kusumbua, usiahidi mteja namba mpya kabla ya hapo. Kila programu ikikubali, weka nakala kwenye flashi mbili, moja isikae kiwandani.

Ikigoma, anzia hapa

*Inasimama yenyewe inasema imegongana na hakuna kitu.* Mara nyingi uzito uliouandika kwenye programu sio uzito halisi. Pima gripa na kipande kwa mizani, andika upya, na kitovu cha uzito pia. Angalia pia kama kebo ya tochi inavuta mkono.

*Inadondosha maboksi.* Vikombe vya mpira vimechakaa au vina vumbi, au boksi lina nakshi na mkunjo pale kikombe kinaposhika. Kama inadondosha umeme ukikatika, weka vali ya kuzuia na katangi kadogo ka kufyonza.

*Mshono mzuri asubuhi, mbaya mchana.* Kabla hujagusa programu badilisha tipu (ncha ya tochi waya unapotokea), safisha laina, angalia gesi, na angalia feni au upepo wa mlangoni unaopeperusha gesi. Halafu pima vipande, labda mkataji wa mchana ni mwingine.

*Pointi zote zimehama upande mmoja.* Kuna mtu kagonga meza au jigi kwa foklifti. Usifundishe pointi upya, rudisha meza kwenye alama zake, ndo maana unaibana chini kwa bolti na kuchora alama siku ya kwanza.

*Imewaka baada ya likizo ndefu na haijui iko wapi.* Betri za enkoda. Nyingi zinabadilishwa kabati likiwa limewashwa, ukibadilisha ikiwa imezimwa unapoteza kumbukumbu ya viungo viko wapi, soma kitabu chake kwanza. Andika tarehe ya betri kwa makapeni kwenye mlango wa kabati.

*Inafanya kazi vizuri ila imesimama nusu ya siku.* Rudi kwenye daftari. Utakuta inasubiri vipande vya kukatwa, au inasubiri mtu wa kutoa fremu zilizokamilika, na roboti ya pili haitasaidia hapo, ongeza mkataji.